Korongo wa mpakani, na maswali mengine ya wasomaji

Tangu nitaje kwa kifupi mpaka wa Korea mbili, ambako watu wamezuiwa kuingia huku wanyama wakistawi, maswali hayajakoma. Nimechagua machache.

*Ni kweli mpaka wa Korea umejaa mabomu na wanyama wananenepa tu? Hayawalipui?* (Chumbageni, Tanga)

Ni kweli, na wakati mwingine huwalipua. Vita viliposimamishwa Julai 1953, kila upande ulirudi nyuma kilomita 2. Ukabaki ukanda wenye upana wa kilomita 4 na urefu wa karibu 250, kutoka pwani hadi pwani. Mashamba yaliyokuwamo yakageuka pori, na mabonde ya mpunga yakarudi kuwa vinamasi. Leo humo mna dubu weusi, mbuzi mwitu wa majabali, na paa wa majini ambaye dume lake halina pembe, lina meno marefu yaliyochomoza mdomoni. Lakini msidhani ni bustani. Wanajeshi huchoma nyasi ili waone mbali, mafuriko husomba mabomu yaliyotegwa, na uzio mrefu huwazuia wanyama wakubwa kutoka. Anayenenepa humo, kanenepa kifungoni.

*Nimeona picha ya korongo weupe wenye utosi mwekundu huko huko. Wanakula nini?* (Mkulima wa mpunga, Bagamoyo)

Swali lako ndilo bora kuliko yote, ndugu yangu, kwa sababu jibu lake ni wewe. Wanakula mpunga! Korongo hawa huja wakati wa baridi kutoka Urusi na China, na wengi hutua bonde la Cheorwon, upande wa Kusini. Nyuma ya ukanda wenyewe kuna eneo jingine linalolindwa na jeshi, ambako wakulima huingia kwa kibali, wakikaguliwa kwenye kizuizi cha jeshi. Wanalima, wanavuna, na punje zilizodondoka ndizo chakula cha korongo. Usiku ndege hulala kwenye maji ya kina kifupi, mbali na watu.

Kwa hiyo bunduki imewapa korongo utulivu, lakini chakula wanapewa na jembe. Mkulima akifunga majani yote ya mpunga kuwalisha ng'ombe, au akilima upya mapema, punje zinapotea. Ndiyo maana baadhi ya wakulima hulipwa ili waache majani shambani na kujaza maji wakati wa baridi. Najua kwako ndege shambani ni adui, na kwelea kwelea hawana mtetezi hata kwangu. Ila korongo anaokota kilichobaki, hagusi suke.

*Sisi tunapakana na Kenya bila bomu hata moja. Basi wanyama wetu wako wapi?* (Horohoro)

Panda juu kidogo hadi Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu 2008, inayoanzia Same na kuingia mkoani kwetu Tanga. Ng'ambo ya mpaka ni hifadhi ya Tsavo ya Kenya. Tembo hupita huku na huko kufuata mvua, wala hawaulizwi pasi. Hilo Korea hawana. Lakini tusijisifu kupita kiasi: wafugaji waliokuwa Mkomazi waliondolewa mwaka 1988, na wao wanajua bei ya pori hilo kuliko mtalii.

*Kwa hiyo serikali ikitufungia bahari samaki watarudi?* (Mvuvi, Pangani)

Tangazo pekee halitoshi. Unakijua Kisiwa cha Maziwe, hapo mbele yenu: kilitangazwa hifadhi mwaka 1975. Miti yake ilikatwa, mchanga ukamomonyoka, na leo bamvua ikija maji hukifunika. Kasa bado hupanda kutaga, na mayai yao huhamishiwa ufukwe wa Ushongo yasisombwe. Wanaoyahamisha si askari.

*Korea mbili zikipatana, pori la mpakani si litalimwa lote?* (Mwanafunzi, Tanga)

Tazama Ujerumani. Mpaka wao wa ndani, uliotenga Mashariki na Magharibi kwa karibu kilomita 1,400, ulifunguliwa Novemba 1989. Mwezi uliofuata watunza mazingira wa pande zote mbili walikutana mjini Hof wakadai ukanda ule uhifadhiwe. Sehemu nyingine zililimwa kweli, lakini kubwa imebaki. Shida iliyowashangaza ni miti: wanajeshi walikuwa wakifyeka, na walipoondoka vichaka vikapanda, vikawanyima makao ndege wa mahali pa wazi waliozoea kutua juu ya nguzo za mpaka. Sasa kondoo na ng'ombe hupelekwa kulisha ili pabaki wazi.

*Mtu wa kawaida anaweza kwenda kuwaona hao korongo?* (Bagamoyo)

Ndani ya ukanda, hapana. Cheorwon kuna ziara za kuwatazama wakati wa baridi, mkiwa na mwenyeji. Beba koti zito. Januari huko maji huganda.