Ford, General Motors na mteja mwenye gari kuukuu

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata na kuisoma kwa makini. Umeniuliza iliwezekanaje Henry Ford, aliyeuza gari kwa bei nafuu kuliko wenzake wote, apitwe na General Motors iliyouza ghali zaidi.

Gari la Ford liitwalo Model T lilipotoka mwaka 1908 liliuzwa dola 850. Mwaka 1913 kiwanda cha Highland Park kilianza kuunganisha magari kwenye mstari unaotembea, na muda wa kuunganisha chasi moja ukashuka kutoka saa 12 na zaidi hadi kama saa moja na nusu, hata ikafika mwaka 1925 gari hilo likapatikana kwa chini ya dola 300. Kwa mkulima ambaye hajapata kumiliki gari, nani angeshindana na bei hiyo?

Lakini miaka ya 1920 wanunuzi wengi walikwisha kuwa na gari, na hilo Alfred Sloan, aliyeshika uongozi wa General Motors mwaka 1923, alilielewa vyema. Mteja alimwachia wakala gari lake kuukuu, akaongeza fedha juu, na salio akalilipa kidogo kidogo kwa mkopo wa GMAC, kampuni ya fedha iliyoanzishwa na General Motors mwaka 1919. Magari yaliyorudishwa yakauzwa tena kwa bei ya chini, ikawa mwenye dola mia tatu anaweza kupata gari lililotumika lenye madirisha ya vioo badala ya Model T jipya lililo wazi, ambalo dereva wake, akitaka kujua mafuta yamebaki kiasi gani, hubandua kiti na kuchovya kijiti kwenye tangi. Ford alijibu kwa kumtaka mteja aweke dola 5 benki kila wiki na kukabidhiwa gari akishamaliza bei yote. Mpango wa busara, kwa maoni yangu, ila nani angengoja wakati jirani yake anaendesha?

Mwezi Mei 1927, baada ya magari zaidi ya milioni 15, Ford alisimamisha Model T na viwanda vyake vikafungwa kwa miezi kadhaa, kwa sababu mashine zake ziliundwa kwa ajili ya gari hilo moja tu. William Knudsen, aliyewahi kumfanyia kazi Ford, ndiye aliyekuwa akiiongoza Chevrolet, tawi la General Motors, na alichagua mashine zinazobadilishika. Chevrolet ilipohama kutoka injini ya silinda 4 hadi ya silinda 6 kwa ajili ya gari la mwaka 1929, kazi hiyo ilichukua wiki chache tu.

Baba yako