Lami ipungue mahali watu wanapoishi

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama barabara kuu zinazokatiza vijiji, miji midogo na mitaa ya kale zipunguzwe upana, au zipanuliwe ziendane na wingi wa magari. Najibu kama dereva mstaafu wa malori niliyemaliza miaka yangu mingi ya kazi kati ya Dar es Salaam na Tunduma, na sasa kama mkazi wa Ilula, mkoani Iringa, ambako barabara ileile niliyoiendesha inapita katikati ya soko. Zipunguzwe. Na zipunguzwe kwa zege, mawe na miti, kwa sababu rangi na vibao peke yake tumevijaribu na tunajua vilipotufikisha.

Wengi wakizungumzia mwendo kasi humchora dereva kama mtu asiye na utu. Wapo wa aina hiyo, sikatai. Lakini dereva wa kawaida, mwenye watoto nyumbani na anayemwogopa Mungu, anaendesha kwa jinsi barabara inavyomruhusu. Ukiwa umekaa juu kwenye semitrela, jicho halianzi na kibao. Linaanza mbali: lami inaishia wapi, kando kuna nafasi kiasi gani, kuna kitu gani karibu na kioo cha pembeni. Kila kitu kikiwa mbali nawe, mguu unabaki palepale ulipo na mwendo wa kilomita 80 kwa saa unauona mdogo. Vitu vikisogea karibu, mguu unainuka kabla hujafikiri.

Anayebisha apande mlima wa Kitonga, kwenye barabara hiyohiyo. Upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, na lami imebanwa katikati. Ajali zinatokea pale, breki zikizidiwa au mtu akiovateki pasipofaa, lakini hutamkuta dereva anayepita kwa 80 akiamini yuko salama. Hahitaji trafiki wa kumkumbusha. Ukishuka mlima ukaendelea hadi Ruaha Mbuyuni, mambo yanageuka. Pale kuna joto, kuna vitunguu, kuna watu pande zote mbili. Basi likisimama tu, vijana na akina mama wanalikimbilia na neti za vitunguu mikononi, wengine wakikatiza kutoka ng'ambo bila kutazama kwa sababu mteja hasubiri. Na lami iliyopo pale ni ileile ya porini: pana, yenye mabega mapana, imeondolewa kila kitu ambacho kingemwambia dereva kwamba sasa ameingia sebuleni kwa watu.

Sheria inasema 50 kwa saa kwenye makazi. Kibao kipo mwanzo wa kijiji, na mara nyingine trafiki yupo na tochi yake ya kupimia mwendo. Kila dereva anajua kinachotokea: wanaokuja mbele wanakupigia taa, unashusha mwendo, unampita askari, unarudi ulikotoka. Faini ya shilingi 30,000 inauma kwa siku moja, ila askari hawezi kusimama kila kijiji kuanzia Chalinze hadi Vwawa, usiku na mchana. Hivi karibuni nilimuuliza dereva mmoja kijana wa basi aliyeshuka kununua nyanya hapa kwetu, kwa nini anaingia Ilula kwa kasi vile. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Shikamoo mzee. Sasa pale si pamenyooka? Ukiweka hamsini, wa nyuma wanakupigia honi." Sikumwona kama mtu mbaya, maana alichoniambia ndicho anachokiona kila siku kupitia kioo chake cha mbele.

Kwa 50 kwa saa gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Kwa 80 ni mita 22. Mtoto mwenye ndoo ya nyanya kichwani anapotokea nyuma ya lori lililoegeshwa, ile sekunde moja ya kushtuka kabla mguu haujagusa breki imeshakula mita hizo zote. Kwa 30 ni mita 8 tu, na hata akigongwa ana nafasi kubwa ya kuishi. Ndiyo maana mawaziri waliokutana Stockholm mwaka 2020 kuzungumzia usalama barabarani walitaka mwendo usizidi 30 mahali ambapo waenda kwa miguu na magari vinachanganyika. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo takribani milioni 1.19 vya barabarani kwa mwaka, na zaidi ya nusu ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Hao ndio waliojaa kando ya barabara zetu.

Tumekimbilia matuta, na mahali ambapo hakuna kitu kingine nayakubali. Yameokoa watu. Lakini tuta linapunguza mwendo pale pale lilipo, basi. Dereva anakanyaga breki, anapanda, anashuka, kisha anakanyaga mafuta kufidia, na kwa mtu mwenye nyumba jirani kishindo cha trela tupu usiku ni mateso. Rangi ikifutika, mgeni analivaa gizani. Spring zinakatika, mgonjwa ndani ya ambulensi anarushwa. Na zile rasta, matuta madogo madogo yanayopangwa mfululizo, ukiwa umebeba mzigo mzito wala hazikushtui.

Upana unafanya kazi tofauti, kwa sababu haukuachii ule urefu wote wa kijiji. Tufanye hesabu. Chukua lami ya mita 6.5 yenye mabega ya mita 1.5 kila upande, kipimo utakachokikuta kwenye barabara zetu nyingi. Jumla ni mita 9.5 za sakafu laini. Lori lina upana wa kama mita 2.5. Malori mawili yakipishana yanahitaji mita 5, kwa hiyo zinabaki mita 4.5 za bure, na hizo ndizo zinazogeuka kuwa kasi. Sasa weka kingo za zege, acha mita 6 katikati. Malori bado yanapishana, ila kila dereva anamwangalia mwenzake na anapunguza. Mita 3.5 zilizookolewa zinakuwa za watu.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo mipango mingi itakapoharibika. Kijiji cha barabarani hakina upana wa lami tu. Sheria ya Barabara ya 2007 ilisogeza hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Kwa hiyo nyumba ziko mbali, zile za karibu zina alama ya X ya kubomolewa ukutani, na kati ya lami na nyumba kuna uwanja wa vumbi usio na mwenyewe. Humo ndimo maisha yote yanapoendelea: meza za nyanya, bodaboda, mabasi yanayosimama ovyo, matenga yanayosubiri kupakiwa, mama anayekaanga vitumbua. Wote wanahesabiwa kuwa wavamizi na wote wapo kila siku. Dereva akitazama kutoka mbali anaona uwanja wa mita 60 uliotanda na uzi wa lami katikati. Ukimchorea mstari mweupe wa kumbana ndani ya uwanja huo, hatauhisi.

Ndiyo maana nasema miti. Safu ya miti nyuma ya kingo, iliyoanza mita chache kabla ya nyumba ya kwanza, itamwambia dereva kwamba nafasi imekwisha, hata usiku taa zikimulika mashina. Nyuma ya miti, njia ya miguu ya matofali ya pevingi, pana ya kutosha mkokoteni na baiskeli, kwa sababu nafasi ipo tele na waendesha baiskeli wakinyang'anywa bega la barabara lazima wapewe mahali pengine. Nyuma ya njia hiyo, vizimba vya wauza nyanya na vitunguu, halali, vyenye namba na vinavyolipiwa ushuru. Mabasi yapewe vituo vyake vilivyoingia ndani. Hapo mama wa vitunguu hatakuwa na sababu ya kukimbia barabarani, maana basi litasimama mbele ya kizimba chake.

Jambo hili halikuanza leo. Denmark ililifanya miaka ya 1980 katika miji midogo mitatu iliyokatizwa na barabara kuu, Vinderup, Skærbæk na Ugerløse. Waliweka kitu kama lango pale mji unapoanza, wakabana lami, wakapanda miti, wakabadilisha sakafu katikati ya mji. Mwendo ulishuka na malori yakaendelea kupita. Uingereza, katika mji mdogo wa Poynton, makutano makubwa ya katikati yaliyokuwa na taa na njia mbili za kuingilia yalibanwa yakawa na njia moja kila upande, na taa zikang'olewa. Kazi ilikamilika 2012, na pale hupita magari kama 25,000 kwa siku. Ila miradi ya aina hiyo, inayoondoa hata kingo ili magari na watu wawe sakafu moja, ililalamikiwa sana na wasioona, kwa sababu fimbo yao haipati mahali pa kushika. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilizitaka halmashauri zisimamishe mipango mipya ya namna hiyo. Mimi nawaunga mkono wasioona moja kwa moja. Kingo zibaki, zionekane na zigusike.

Madereva wenzangu watanipinga, na hoja zao nazijua. Ya kwanza ni kuchelewa. Kilomita moja kwa 50 ni sekunde 72, kwa 30 ni sekunde 120. Tofauti ni sekunde 48. Vijiji kumi ni dakika 8, na hizo zinapotea kwenye foleni ya mizani moja tu. Ya pili ni mizigo mipana ya migodini inayokwenda Zambia na Kongo. Hiyo ni hoja ya kweli, na dawa yake ni kingo zenye mteremko ambazo tairi kubwa linaweza kupanda taratibu, pasiwe na nguzo za chuma karibu. Ya tatu ndiyo inayoniumiza kichwa zaidi: lori likiharibika kwenye sehemu iliyobanwa. Hapa kwetu lori linalala barabarani na matawi yake mbele na nyuma hadi fundi afike na spea kutoka mjini. Ikitokea ndani ya ile mita 6, nchi nzima imesimama. Kwa hiyo sehemu iliyobanwa isiwe ndefu kuliko makazi yenyewe, kila baada ya mita mia kadhaa pawe na mfuko wa kuegesha, na nje ya lango, pande zote mbili, pawe na uwanja wa malori wenye choo na mwanga. Anayehisi gari lake linachemsha asimame kabla hajaingia.

Mitaa ya kale ina ugonjwa wa aina nyingine. Lamu njia kuu ya ndani, Usita wa Mui, ilitosha watu na punda tangu mwanzo, na mji ule uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001 pamoja na vichochoro vyake. Pale kazi ni kuzuia pikipiki zisiingie, lami haihusiki. Mombasa, Ndia Kuu, nyumba zimetoa roshani za mbao juu ya njia, na lori linaloingia pale linapita chini ya kazi ya maseremala waliokwisha kufa zamani. Iringa mjini, Uhindini, maduka ya kale yana mabaraza mbele, na mabaraza yale yalijengwa ili mtu atembee kivulini. Leo magari yameegeshwa pande zote hadi mguuni mwa baraza, na bibi anayetoka sokoni na kikapu analazimika kupita katikati ya barabara. Mtaa kama huo hauhitaji kubomolewa chochote. Uondolewe maegesho ya upande mmoja, baraza lipanuliwe hadi hapo, gari lipite upande mmoja tu. Nairobi walifanya jambo la karibu na hilo Luthuli Avenue mwaka 2019: wakaugeuza mtaa uliojaa matatu kuwa wa kupita upande mmoja, wakapanua njia za miguu. Kama Luthuli imewezekana, na biashara zote zile za redio na simu, Uhindini inawezekana.

Sisemi barabara zote zibanwe. Pale Mbeya, kati ya Nsalaga na Ifisi, njia nne zinahitajika na waliozipanga hawakukosea. Porini, lami iwe pana na mabega yake, dereva aende. Ninachopinga ni kipimo kimoja kutoka Dar hadi mpakani kana kwamba Ruaha Mbuyuni na mbuga ni kitu kimoja. Na hata mbugani tumefanya tofauti: zile kilomita 50 za Mikumi zina kikomo chake cha mwendo, zina matuta na faini kwa anayegonga mnyama. Watoto wa Ilula wanastahili angalau kiasi hicho.

Kikwazo ninachokiona si fedha. Hifadhi ya barabara ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, vichochoro vinavyoingia barabarani ni vya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ushuru wa meza ni wa halmashauri, na miti haina wa kuimwagilia. Watatu hawa hawajawahi kukaa meza moja na serikali ya kijiji tukiwepo. Wakae kabla lami haijakwanguliwa kwa matengenezo makubwa, kwa sababu wakati huo kingo zinamwagwa kwa mtambo uleule na mkandarasi yuleyule. Wakisubiri lami mpya ikauke, tutaambiwa turudi baada ya miaka mingi.