Wakikuuliza kuhusu damu iliyomwagwa kwa jina la msalaba, acha kusema "wale hawakuwa Wakristo wa kweli"

Kuna kijana wa Geita kaniandikia meseji ndefu wiki hii. Anafanya kazi karakana na kuna mwenzake kila wakikaa kula anamchokonoa, mara Vita vya Msalaba, mara utumwa, mara Rwanda, anamwambia dini yenu imeua watu kuliko malaria, na yeye kila akijibu kwamba wale hawakuwa Wakristo wa kweli karakana nzima inacheka. Anaomba nimpe aya za kumnyamazisha jamaa.

Mdogo wangu, hilo jibu ndo linakumaliza. Naongea kwa uzoefu maana hii mada imenipa jina hapa Kirumba, Mwanza, na hapohapo imeninyang'anya nafasi kanisani.

Wanaonijua wanajua nauza dagaa pale mwaloni, na jioni nikishafunga magunia huwa napita kijiweni kupata kahawa na kashata. Pale kuna mzee mmoja wa Kiislamu, mtu wa heshima zake, kasoma vitabu kuliko wachungaji wengi ninaowafahamu (samahanini lakini ndo ukweli). Siku hiyo kulikuwa na mwinjilisti mgeni anamwaga neno, akaulizwa hilo swali akajibu kama wewe. Mzee akaweka kikombe chini taratibu, akamwambia, "Mwalimu, Papa Urbano wa Pili aliposimama Clermont kule Ufaransa mwaka 1095 kuwahimiza watu waende vitani kuiteka Yerusalemu, alikuwa dini gani? Na wale walioingia Yerusalemu 1099 wakachinja Waislamu na Wayahudi halafu wakaenda kusali kwenye kaburi la Yesu, walikuwa dini gani?"

Mwinjilisti akaanza kutafuta kitu kwenye simu. Watu wanaguna, wengine washaanza kucheka.

Nikasema, "Shikamoo mzee. Walikuwa Wakristo, na kanisa lao linahusika."

Yaani kijiwe kizima kilinigeukia. Mzee akaniangalia, akasema, "Marahaba. Haya endelea, nakusikiliza."

Hiyo "nakusikiliza" ndo kitu ambacho wewe hujawahi kuipata pale karakana. Niliongea mpaka muuza kahawa akazima jiko. Nikawaambia mwaka 1452 Papa Nikolasi wa Tano alimpa mfalme wa Ureno ruhusa kwa maandishi ya kuwafanya watumwa wale aliowaita wapagani, na mwaka 1511 padri Montesinos, wa kanisa hilohilo, alisimama altareni kisiwani Hispaniola, kule Karibiani, akawauliza Wahispania wenzake wanawatesa wenyeji kwa haki gani, hivi hawa sio watu? Nyumba moja hiyo, kitabu kimoja. Nikawaleta na hapa kwetu ziwani. Mwaka 1886 vijana Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto pamoja pale Namugongo, Uganda, kwa ajili ya Yesu mmoja. Haikupita hata miaka 6, Januari 1892, Wakatoliki na Waprotestanti wakapigana kwa bunduki pale Mengo, hukohuko Uganda, Mwingereza Lugard na bunduki yake ya rasharasha, maksimu, akawa upande wa Waprotestanti, na Askofu Hirth wa Wakatoliki akakimbilia upande wa Wajerumani, ndo misheni ya Kashozi kule Bukoba ikaanza. Kwa hiyo tunapojisifu injili ilivyoenea kanda ya ziwa tujue kuna sehemu ililetwa na watu wanaokimbia risasi za Wakristo wenzao.

Ilipofika mauaji ya kimbari ya Rwanda nikanyamaza, akaongea mzee. Anakumbuka 1994 maiti zilivyokuwa zinashuka na mto Kagera mpaka ziwani, anasema mama lishe walikuwa wanapika maharage tu kwa sababu mteja akiwekewa samaki anamgeuzageuza kwenye sahani anauliza, huyu kala nini? Na wengi katika waliokufa mwaka ule walikufia makanisani walikokimbilia. Kule Nyange padri Seromba alihukumiwa na mahakama ya kimataifa ya Arusha kwa kanisa kubomolewa na katapila watu wakiwa ndani. Na kama unataka kusema ah hao Wakatoliki, Mugonero palikuwa pa Wasabato na mchungaji Ntakirutimana naye alihukumiwa hapohapo Arusha, 2003. Hakuna dhehebu la kujificha.

Tangu siku hiyo kijiweni naitwa mwalimu, na sio kwa utani.

Sasa sikia kanisani. Nilikuwa kwenye ratiba ya kufundisha vijana, nikafundisha hayahaya, vijana walijaa mpaka nje kwenye mabenchi. Wiki iliyofuata jina langu halipo. Hakuna aliyeniita kuniambia, nimejionea tu ubaoni. Baadaye mzee mmoja wa kanisa akaniambia nawapa silaha maadui, na akanisomea Ezekieli 18, mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Sawa, naijua. Nikamuuliza, je Nehemia sura ya kwanza? Nehemia alizaliwa uhamishoni, waliovunja agano walikuwa wamekufa zamani, lakini alipoomba alisema mimi na nyumba ya baba yangu tumetenda dhambi. Hakunijibu mpaka leo na tunakutana kila Jumapili, ananipa mkono huku anaangalia pembeni.

Hivi jamani, hospitali ya Bugando tunasema ni ya nani? Tunasema kanisa ndo liliijenga. Shule za misheni walizosoma baba zetu, tunasema kanisa. Mbona hatusemi hizo zilijengwa na Wakristo wasio wa kweli? Ukikubali kurithi nyumba ya marehemu basi na wanaomdai watakuja kukugongea wewe, huwezi kuwaambia huyo marehemu simjui wakati umelala chumbani kwake.

Kwa hiyo ushauri wangu, kubali kwanza. Halafu soma, maana huwezi kukubali usichokijua. Halafu kubali tena, kwa sababu ukishabanwa utatamani kurudi nyuma useme "mbona na wao walifanya, mbona Stalin wa Urusi, asiyeamini Mungu, naye aliua". Usiende huko. Najua kulikuwa na siasa, ardhi, dhahabu, vyeo, wakoloni Wabelgiji waliandika kabila kwenye vitambulisho vya Wanyarwanda, yote kweli. Ila bunduki ikibarikiwa altareni usiniambie altare haihusiki! Papa Fransisko aliomba msamaha mwaka 2017 kwa ajili ya Rwanda, wewe fundi wa Geita unaogopa kupoteza nini? Yesu alisema ukweli utatuweka huru, hakusema ukweli unaotupendeza.

Na kukubali sio kukubali kila kitu. Jamaa akisema Wakristo wote wauaji, mtajie Félicité Niyitegeka wa Gisenyi, Mhutu, aliyekuwa anaficha watu 1994. Kaka yake alikuwa mkubwa jeshini, akataka kumwokoa yeye tu, akakataa kuwaacha, akauawa. Alisoma Biblia ileile ya Ntakirutimana.

Kuhusu ile klipu uliyonitumia, ya mhubiri anayesema Vita vya Msalaba vilikuwa vya kujihami tu, nimeiangalia yote japo anapiga kelele mno. Ni kweli mfalme wa Konstantinopoli aliomba msaada dhidi ya Waturuki, hapo hajadanganya. Lakini mwaka 1096, hata Yerusalemu hawajaiona, makundi ya hao watu wa msalaba yalichinja Wayahudi wa Worms na Mainz, huko Ujerumani ambako hakukuwa na Mturuki hata mmoja. Hao walikuwa wamemvamia nani? Muulize kwenye komenti, akikujibu nitumie.