Uliza Fundi: Kisu cha mkono mmoja, juu ya ngazi

SWALI: Salamu mzee wangu. Mimi ni fundi wa stima, nakaa Umoja, Nairobi. Kazi yangu nyingi iko juu ya ngazi: mkono wa kushoto umeshika nyaya, wa kulia unatafuta kisu. Kisu changu cha kukunja hufunguliwa kwa ukucha, kwa hivyo mara nyingi nakivuta kwa meno. Katikati ya mji nimeonyeshwa vitatu. Kimoja kina tundu kwenye bapa, cha pili kina kinundu cha kusukuma kwa kidole gumba, cha tatu kina springi na kinafyatuka ukikigusa tu. Muuzaji anasifu hicho cha springi, anasema ndicho cha kisasa. Nichukue kipi?
Fundi wa Nyaya, Umoja

JIBU: Mwanangu, kwanza acha hayo meno. Naomba uache leo, hata kabla hujanunua kisu kingine.

Nimekata ngozi soko la Kariokor kwa miaka 26, viatu na mikanda, na visu vya kukunja vya kila namna vimepita mkononi mwangu. Kwa kazi yako ningechukua cha tundu. Kidole gumba kinaingia kwenye tundu hata ukiwa umevaa glavu, hata kiganja kikiwa na jasho. Unasukuma bapa kwa mzunguko mmoja, unasikia "tak", limekaza likiwa wazi. Siku ukilazimika kutumia mkono wa kushoto, tundu ni lile lile, kwa sababu limetoboka upande hadi upande. Tena halina kitu cha kulegea wala kudondoka.

Wazo hilo lilivuma kutokana na Sal Glesser wa kampuni ya Spyderco, Marekani. Mwaka 1981 walitoa kisu walichokiita Worker, yaani mfanyakazi, chenye tundu la mviringo kwenye bapa na klipu ya kukishikilia mfukoni. Usiidharau hiyo klipu. Wewe unahesabu muda wa kufungua, lakini muda unaopotea zaidi ni ule wa kupapasa mfukoni kati ya skrubu, testa na funguo za nyumba. Kisu chenye klipu kimesimama ukingoni mwa mfuko, mkono unakifikia bila macho.

Kinundu nacho ni kizuri, sina ugomvi nacho. Angalia tu kiwe pande zote mbili, na kiwe kimekaza. Kwenye visu vya bei ya chini hulegea baada ya miezi michache.

Hicho cha springi nakukataza. Watu huchanganya aina mbili. Kuna kile cha kubonyeza kitufe kwenye mpini na bapa likaruka lenyewe. Uingereza ilipiga marufuku kuviuza hivyo mwaka 1959. Halafu kuna kile ambacho lazima uanze kulisukuma bapa, kisha springi inamalizia. Mbunifu wa visu Ken Onion aliibunia kampuni ya Kershaw mtambo wa aina hii ya pili, na si kazi mbaya. Lakini juu ya ngazi, ule mruko wa bapa hutikisa mshiko wako wakati vidole vya mkono wa pili viko karibu. Isitoshe, wewe unachimba kuta kupitisha mabomba ya nyaya. Vumbi la saruji likiingia kwenye bawaba, springi inachoka, bapa linafika robo tatu na kusimama hapo bila kukaza. Ukidhani kimekaza ukaanza kukata, kitakukunjikia.

Hapo ndipo kuna jambo ambalo hukuniuliza, nami nalijali kuliko tundu na springi. Kidole changu cha shahada kina kovu la nyuzi nne. Nilinunua kisu barabarani, kikifunguka vizuri ajabu, ukikipunga tu kinaitika. Nilipokuwa natoboa mkanda mzito kwa ncha, kufuli iliteleza na bapa likarudi kwenye vidole. Wiki tatu sikushika kazi. Tangu siku hiyo nikishika kisu kipya, kufungua nakuangalia mwisho.

Fanya hivi ukiwa dukani. Kifungue, kisha tazama ndani ya mpini. Vingi vina bamba jembamba la chuma linalojisukuma chini ya kisigino cha bapa, yaani ile sehemu yake iliyo kwenye bawaba. Hiyo ndiyo kufuli. Liwe limeingia theluthi moja au nusu ya kisigino. Likigusa ukingo tu, rudisha kisu. Halafu weka vidole mbali na njia ya makali, ukandamize mgongo wa bapa polepole kwa kiganja. Kisilegee hata kidogo. Mwisho kifunge kwa mkono mmoja, mara kumi. Muuzaji atanuna, mwache anune. Juu ya ngazi utakifunga mara nyingi sawa na utakavyokifungua, na wengi hujikata wakati wa kufunga.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa stima: hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu kinachozuia umeme. Mpini wa plastiki usikudanganye, ndani yake kuna mabamba ya chuma. Zima swichi kuu, pima kwa testa, ndipo ukate. Kisu cha fundi wa stima kilichokingwa huwa na alama ya pembetatu mbili na maandishi 1000 V, na kwa kawaida hakikunjwi. Ukipata pesa, kinunue hicho pia.

Jumamosi piga bawaba kwa brashi ya meno kuukuu, kisha tone moja la mafuta ya cherehani. Na ukimaliza kazi kiweke kwenye sanduku la vifaa, maana askari wa mlangoni akikiona mfukoni hatakuuliza habari za ngazi.

SWALI: Ndugu yangu aliniletea kisu cha Opinel kutoka Ufaransa. Nauza maembe Muthurwa. Sasa bapa limekwama ndani ya mpini, hata kwa koleo halitoki. Kimeharibika?
Mama Maembe

JIBU: La, mama, ni kizima. Mpini wake ni wa mbao, na mbao zikinywa maji huvimba na kulibana bapa. Usitumie koleo, utayapiga makali mapengo. Zungusha ile pete ya chuma hadi mwanya wake ulingane na njia ya bapa, kisha gonga kitako cha mpini juu ya meza, gonga kavu moja au mbili. Bapa litachomoza kiasi cha kushikwa kwa vidole. Wenyeji wa Savoie, huko Ufaransa, kilikozaliwa kisu hicho mwaka 1890, hukifungua hivyo hivyo. Kiache wazi kivulini siku mbili, si juani, mbao zitapasuka. Baadaye pitisha mafuta ya kupikia kidogo kwenye mwanya, na usikitumbukize tena kwenye ndoo ya kuoshea maembe. Kifute kwa kitambaa chenye unyevu.