Urembo mwingi, adui haonekani

SWALI: Shikamoo. Nacheza michezo ya kufyatuliana risasi mtandaoni. Kwenye ramani (yaani viwanja vya mchezo) zenye mapambo mengi nauawa na watu ambao sikuwaona kabisa. Wenzangu wanasema macho yangu ni mabovu. Ni kweli?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Kabla ya kuyalaumu macho, tazama kilicho nyuma ya adui. Mchoraji akijaza pembe moja majani, masanduku, mabango na vivuli, mtu aliyechutama hapo anamezwa, hata mwenye macho makali hamwoni. Chukua Dust II ya mchezo wa Counter-Strike, ramani ya mwaka 2001: kuta za rangi ya mchanga, karibu tupu. Kichwa kikichomoza pale mlangoni, unakiona papo hapo. Ndiyo maana inachezwa hadi leo.

Waliotengeneza mchezo wa Team Fortress 2 mwaka 2007 walilifikiria jambo hili kwa kina. Kila mhusika ana umbo lake, unamtambua hata akiwa kivuli kitupu. Miguu wakaipa rangi nzito na kifua rangi nyepesi, ili jicho lipande moja kwa moja kwenye silaha. Kazi ya kupendeza mno!

Kwangu mimi, pambo linalomficha adui ni kasoro ya ramani. Mapambo yawekwe juu ya mapaa, mbali na usawa wa kichwa.

Ukicheza Valorant, ingia kwenye mipangilio ubadilishe rangi inayomzingira adui. Nyekundu ikikusumbua, jaribu njano au zambarau.