Kezilahabi Niliyempenda Yuko Wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, sasa niko Mwanza kikazi. Riwaya nne za mwanzo za Euphrase Kezilahabi nimezisoma zote, na *Rosa Mistika* nimeirudia mpaka jalada limeachia. Juzi nikazipata *Nagona* na *Mzingile* kwa muuza vitabu vya mtumba, nikazichukua kwa furaha nikijua napata mwendelezo. Mwalimu, nimeumia. Hakuna kijiji wala familia. Kuna mtu asiye na jina anatafuta paa na kukutana na wanafalsafa waliokufa zamani. Rafiki yangu aliyesomea fasihi anasema sijaelewa tu. Je, tatizo ni mimi?

*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tatizo si wewe. Huyo rafiki yako mwambie kwamba kukielewa kitabu na kukipenda ni mambo mawili. Nimefundisha fasihi sekondari kwa miaka mingi, na nimewaona vijana wakiichambua *Nagona* vizuri kabisa, wakapata alama zao, kisha wakarudi kuazima *Rosa Mistika*.

Unachokililia nakijua. Katika *Rosa Mistika*, Zakaria anampiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, na msomaji anaijua nyumba ile, anamjua Regina, mama yake Rosa, anawajua wale wadogo zake Rosa wanaotazama. Namagondo, kijiji cha riwaya hiyo, ndiko alikozaliwa mwandishi mwenyewe mwaka 1944, na inaonekana. Kitabu kilipotoka mwaka 1971 kilipigwa marufuku mashuleni kwa sababu ya kueleza mambo ya mapenzi waziwazi. Mtu aliyezaliwa Ukerewe akikuta kisiwa chake kimeondolewa kitabuni, ana haki ya kusononeka, na asiruhusu msomi yeyote amtie aibu kwa hilo.

Ila neno "mwendelezo" silikubali. *Mzingile* (1991) inaendeleza *Nagona* (1990), hilo ni kweli. Lakini *Nagona* haikuja kuendeleza *Gamba la Nyoka* (1979), ile riwaya yake ya nne. Kati ya hizo mbili ipo miaka 11, na ndani yake Kezilahabi alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, akapata udaktari mwaka 1985 kwa tasnifu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Hakurudi na maswali yaleyale ya kijana wa mwaka 1971. Na kuvunja mila hakukuanzia huko. Mwaka 1974 alitoa *Kichomi*, mashairi yasiyofuata vina na mizani, na washairi wa jadi wakamjia juu kwelikweli. Wewe ulikuwa unasoma riwaya zake tu, ndiyo maana mshtuko umekupata kwa mkupuo.

Sasa nikuombe jambo. Rudi kwenye *Kichwamaji*, riwaya yake ya pili, usiende *Rosa Mistika*. Mwanzoni Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anakwenda kuomba kazi ya likizo kwa mkuu wa wilaya, na mkuu huyo ni Manase, aliyekua naye. Anawekwa asubiri. Hapo bado uko kwenye dunia unayoijua, unaona kila kitu. Lakini sikiliza Kazimoto anavyohoji: Mungu, elimu, maana ya kuishi. Swali linamkaba mpaka anajiua, na riwaya inaisha bila jibu. Tumaini wa *Dunia Uwanja wa Fujo* naye anaishia kunyongwa. Mimi naamini Kezilahabi aliona hadithi ya kijiji imemfikisha ukingoni: kila akimpa mhusika swali lile, mhusika anakufa. Katika *Nagona* alimwondoa mhusika wa kufa, akaliacha swali litembee lenyewe. Ndiyo sababu hana jina. Ndiyo sababu wamo akina Plato, Marx na Freud, maana hao nao walijiuliza swali hilo.

Kwa hiyo isome baada ya *Kichwamaji*, siku hiyohiyo ukiweza. Ni kitabu chembamba, hakifiki kurasa mia. Usitafute nani kafanya nini. Soma kwa sauti, kama unavyomsikiliza bibi akisimulia ngano usiku, maana katika ngano hatumuulizi sungura amezaliwa wilaya gani. Ukifika kwenye ngoma kuu utajua kama kitabu kimekushika au la. Kisipokushika, basi; umempa nafasi yake.

Usidhani pia ni yeye peke yake aliyeacha kuandika kama zamani. Said Ahmed Mohamed, aliyetupa *Utengano*, mwaka 2001 alitoa *Babu Alipofufuka*, na wasomaji wake wengi walishangaa kama wewe.

Kuhusu *Mzingile* sitakusihi. Kwangu mimi *Nagona* ina joto la mtu anayetafuta. *Mzingile* inatembea juu ya dunia iliyokwisha teketea, na humo hata mimi namkosa sana Regina. Naiheshimu, nimeifundisha, lakini nyumbani huwa siifungui. Ukiisoma ukaipenda kuliko mimi, niandikie uniambie ni sura ipi iliyokugeuza, nitaisoma tena kwa ajili yako.