Maswali ya Wasomaji: Baharia Aliyeondoka Kilindini Mwaka 1944

SWALI: Assalaam aleikum, Mhariri. Kaka yake marehemu nyanya yangu alikuwa baharia, kijana wa miaka 19. Februari 1944 aliondoka Kilindini akiwa miongoni mwa wafanyakazi wa meli Khedive Ismail, asirudi tena. Nyanya aliweka kashani kofia ya vito aliyokuwa akimshonea, sindano ingali imechomekwa ukingoni, wala hakuruhusu mtu kuimalizia. Sisi wajukuu tunauliza: yalitokea nini, na jina lake tulitafute wapi, ikiwa hana kaburi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Poleni kwa msiba ambao, kwa kuwa hapakuwa na maiti ya kuzika, naona nyanya hakuuondolea matanga mpaka alipofariki.

Khedive Ismail ilikuwa meli ya abiria iliyojengwa mwaka 1922, ambayo wakati wa vita ilifanywa ya kuchukulia askari. Mapema Februari iling'oa nanga Kilindini pamoja na meli nyingine nne za askari, zikisindikizwa na manowari kuelekea Colombo, na ndani yake mlikuwa na watu zaidi ya 1,500, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wanamaji, wauguzi na mabaharia wa meli yenyewe. Jumamosi tarehe 12, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iitwayo I-27 iliipiga kwa topido mbili, nayo ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Aliyekuwa chini penye mitambo hakupata hata nafasi ya kuifikia ngazi.

Liko jambo zito ambalo sitawaficha. Nyambizi ile ilijificha chini ya maji pale pale walipokuwa wakielea walionusurika, na manowari Petard na Paladin, zikihofia meli zilizosalia, zikaangusha mabomu ya kulipukia majini. Baadhi ya waliokuwa wakingoja kuopolewa waliuawa na mabomu hayo. Nyambizi ilizamishwa siku hiyo hiyo. Waliookolewa walikuwa 214, na karibu watu 1,300 walipotea. Huniuma kwamba msiba huu mara chache nausikia ukitajwa mjini mwetu, ilhali safari ilianzia bandarini petu.

Kuhusu jina, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola huyaandika majina ya waliopotea baharini kwenye minara ya kumbukumbu, lakini mnara wenyewe hutegemea daftari alimoandikishwa mtu. Askari wa Afrika Mashariki waliozama na meli hii wanakumbukwa katika makaburi ya vita ya Nairobi, Ngong Road. Mabaharia wa meli za biashara za Uingereza wako Tower Hill, London. Na wale wa Kihindi wana kumbukumbu zao Mumbai na Chittagong. Msitafute kwa jina pekee, maana makarani waliyaandika majina yetu kama walivyoyasikia, na Mbarak, Mubarak na Mbaruku huenda wakawa mtu mmoja. Anzeni na tarehe 12 Februari 1944, kisha mlinganishe jina la baba. Msipomkuta, iandikieni Tume na kuambatisha karatasi yoyote yenye jina lake, iwe kitabu chake cha ubaharia au barua ya mwajiri, kwa sababu majina yaliyoachwa huweza kuongezwa yakithibitishwa.

Msingoje majibu ndipo mumsomee hitma. Mtume alimtaja aliyekufa maji miongoni mwa mashahidi, na sidhani kuna faraja kubwa zaidi ya hiyo kwa aliyekosa kaburi la kuzuru.

Kofia nayo iacheni kama nyanya alivyoiacha. Ila chukueni karatasi, mwandike jina lake, la baba na la babu, mtaa aliotoka, meli na tarehe, muiweke kashani pamoja nayo, kwa kuwa atakayelifungua kasha hilo baada yenu hatajua ilikuwa ikishonewa nani.